Kabla hujanunua boila, piga hesabu ya bomba la gesi

Watu wetu wengi huku Uingereza wakinunua nyumba ya zamani, jambo la kwanza ni kung'oa tangi la maji moto na kuweka boila ya kombi. Bei ya boila wanaijua, chapa wanaijua, hata miaka ya waranti wanaijua. Bomba linaloiletea gesi hakuna anayeliuliza. Mimi ni fundi wa gesi, na malalamiko mengi ninayoitiwa kwenye boila mpya yanaanzia hapo hapo: maji ya kuoga yanakuwa vuguvugu jiko likiwashwa, au boila inajizima asubuhi ya baridi kali.

Boila ya tangi ilipasha maji polepole, kwa hiyo bomba la shaba la milimita 15 mara nyingi liliitosha. Kombi inapasha maji papo hapo unapofungua bomba la kuogea, na inataka gesi nyingi kwa mkupuo mmoja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tazama kwenye kitabu cha boila inatumia kilowati ngapi za gesi ikiwaka kwa nguvu zote. Usichukue namba ya joto linalotoka, chukua ya gesi inayoingia. Gawanya kwa 10.8, utapata mita za ujazo kwa saa. Boila inayotumia kilowati 34 inahitaji kama 3.1. Kisha pima njia ya bomba kutoka mita ya gesi hadi boila, na kila kona kali ihesabu kama nusu mita ya ziada. Njia ya mita 8 yenye kona 6 inakuwa mita 11. Majedwali yetu ya mafundi hayana 11, kwa hiyo chukua urefu unaofuata: kwa mita 12, bomba la milimita 15 linapitisha 1.3 tu. La milimita 22 linapitisha 3.9, kwa hiyo linatosha. Lakini kama jiko nalo linachota gesi kwenye bomba hilo hilo, ongeza kama 1, na sasa unahitaji 4.1. Hapo mimi huweka milimita 28 kutoka mita hadi njia zinapogawanyika, kisha 22 kwenda kwenye boila.

Majedwali hayo ni ya gesi asilia inayopita chini ya mitaa. Gesi ya mtungi ina majedwali yake, msichanganye.

Presha ya kawaida ya gesi ikitoka kwenye mita ni milibari 21. Kutoka hapo hadi kwenye boila isipotee zaidi ya milibari 1, vifaa vyote vikiwa vinawaka. Hili la vifaa vyote kuwaka ndilo ninaloomba mlishike. Fundi akichomeka mpira wa kipimo mahali gesi inapoingia kwenye boila, huku boila imezimwa, hata bomba jembamba kupita kiasi litaonyesha 21 au zaidi, kwa sababu gesi iliyotulia haipotezi presha njiani. Wapo wanaosoma namba hiyo na kufunga mkoba. Mwambie afungue maji moto hadi mwisho, awashe na mafiga yote ya jiko, ndipo asome. Kwenye bomba dogo utaona kwa macho yako namba inateremka: 20, 18, 16. Asome na kwenye mita wakati huo huo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jawabu.

Bomba likipita ukutani livishwe bomba jingine la kinga, na likae angalau milimita 25 mbali na nyaya za umeme. Bomba jipya lijaribiwe kwa presha ya milibari 20 kabla ya kuunganishwa na kifaa chochote. Iache itulie, kisha itazame kwa dakika 2. Isishuke hata kidogo.

Kwa masikitiko nasema hili: tusiitane kindugu kwenye gesi. Jamaa anaweza kuwa fundi bomba hodari wa maji, lakini anayefanya kazi ya gesi kwa malipo lazima awe kwenye Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyoanza Aprili 2009. Muombe kadi, igeuze, usome nyuma kazi anazoruhusiwa. Gesi isiyoungua vizuri hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto wako ndio wanaolala chumba cha juu ya boila. Weka kengele ya hewa hiyo. Ukisikia harufu ya gesi, funga koki ya mita, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje, piga namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999.

Kazi ikiisha, fungua kitabu cha boila kwenye ukurasa wa vipimo. Nafasi ya presha ya gesi ikiwa tupu, mwambie fundi apime mbele yako kabla hujamlipa.