Watoto wa nguruwe wanakufa siku ya pili: je, niwape maji ya sukari?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nguruwe wangu alizaa watoto 11 usiku, na baridi ya huku Njombe unaijua. Kesho yake watatu nikawakuta wamelala pembeni, mwili baridi, wanapiga miguu kama wanaogelea. Hadi jioni wote walikuwa wamekufa. Hawakuharisha hata kidogo. Ninachoshangaa, mwanambuzi wangu aliwahi kukosa ziwa karibu siku nzima na akapona. Jirani ananishauri safari nyingine niwakorogee maji ya sukari. Ni sawa?

JIBU: Salama, na pole kwa hasara. Kupiga miguu kama anaogelea, mwili ukiwa wa baridi na hakuna kuharisha, kwangu kunaonyesha kwanza kabisa kuishiwa sukari kwenye damu. Na sukari ya jirani usiitumie. Nitakwambia kwa nini.

Tumboni mwa mama, ini la mtoto halina haja ya kutengeneza sukari. Glukosi, yaani sukari ya damu, inapita kwenye kondo saa zote, nalo kazi yake ni kuweka akiba iitwayo glaikojeni, hasa siku za mwisho wa mimba. Kitovu kikikatika, ugavi umekwisha palepale. Akiba ya ini la mtoto wa nguruwe asiyenyonya inaisha kati ya nusu siku na siku moja, na baridi inaimaliza mapema zaidi. Kwenye misuli iko glaikojeni nyingi kuliko ya ini, lakini misuli haina kimeng'enya (kichocheo cha kazi za mwilini) cha kuiachia kwenye damu kama glukosi. Inaitumia yenyewe, kwa kutetemeka.

Akiba ikiisha, ini linapaswa kuanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na protini na mabaki mengine ya mwilini. Vimeng'enya vya kazi hiyo huamshwa na homoni ya kortisoli, ambayo hupanda kwa mtoto siku chache kabla ya kuzaliwa. (Ndiyo maana sipendi sindano za kuharakisha uchungu zinazopigwa kwa kukisia tarehe. Hesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, yaani siku 114. Anayetolewa mapema anakuja na ini ambalo halijakomaa.) Ila hata kwa aliyetimiza siku zake, kazi hiyo inahitaji nishati ya kuchoma mafuta, na mtoto wa nguruwe anazaliwa na mafuta kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake. Jiko lipo, sufuria ipo, kuni hakuna. Kuni zinakuja na dang'a, yale maziwa ya kwanza, yenye mafuta na laktosi, sukari ya maziwa. Asiponyonya, ini linashindwa.

Mwanambuzi wako alizaliwa na kuni zake. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huzaliwa na mafuta ya kahawia, mengi yakiwa kuzunguka figo, ambayo huungua na kutoa joto bila mnyama kutetemeka. Nguruwe hana mafuta hayo kabisa.

Sasa sukari ya jirani. Utumbo wa mtoto wa nguruwe wa siku mbili karibu hauna kimeng'enya cha kuvunja sukari ya mezani. Inabaki tumboni, inavuta maji, anaharisha, na sasa una matatizo mawili. Hata kiasi kidogo kikivunjika, nusu yake ni fruktosi, sukari ya matunda, ambayo katika umri huo hainyanyui sukari ya damu. Nunua glukosi ya unga duka la dawa.

Ukimkuta amelegea, mtie kidole mdomoni. Akinyonya kidole, mpe dang'a ya mama yake iliyokamuliwa, au glukosi iliyokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Asiponyonya, usimmiminie chochote, kitaingia mapafuni. Mpake glukosi ndani ya shavu, mweke penye joto na uite mtaalamu. Yeye huchoma mililita 15 za glukosi ya asilimia 5, iliyopashwa hadi joto la mwili, ndani ya uwazi wa tumbo, na kurudia kila baada ya saa 4 hadi 6. Usijaribu mwenyewe, utatoboa utumbo.

Kinga ni rahisi kuliko hayo yote. Watoto wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, joto ambalo mama yao hawezi kulivumilia. Kwa hiyo usipashe banda zima. Tenga kona yenye boksi, maranda makavu na taa, mahali ambapo mama hawezi kufika. Kausha kila mtoto anapotoka, umsogeze kwenye chuchu. Wakiwa 11, wale wakubwa walioshiba wafungie kwenye boksi saa moja ili wadogo wanyonye bila kusukumwa. Fanya hivyo siku ya kwanza, dang'a ikiwa bado inatoka.

Kwa wanane waliobaki, leo hii mpime mama joto na umkague matiti. Akiwa na nyuzi 40, au titi ni gumu na la moto, au analalia tumbo kuwanyima watoto ziwa, basi chanzo cha njaa yao ni yeye, na anayehitaji kutibiwa kwanza ni yeye.