Mguu mmoja ukivimba baada ya kupasuliwa tumbo, usinyamaze

Mimi ni fundi wa kushona hapa Lubumbashi, Kamalondo. Metre ya kupimia haitoki shingoni mwangu, na ndiyo iliyonifumbua macho. Ilikuwa jioni ya siku ya 11 tangu nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, wa kukata ngozi iliyolegea na kukaza misuli, kule Johannesburg. Nilipima mguu wa kulia, kiganja kimoja chini ya goti: sentimita 36. Wa kushoto: 40. Nikadhani mkono umetetemeka, nikapima upya. Arobaini. Kumbe damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa.

Naandika kwa sababu wadada wengi wa kwetu wanaenda kufanya operesheni hizi, Afrika Kusini, India, Uturuki, kisha wanarudi kimya. Nami nilirudi kimya. Wakwe zangu nilikuwa nimewaambia kwamba naenda kununua vitambaa. Nimezaa watoto watatu, wawili kwa kupasuliwa. Ngozi ya tumbo ilining'inia, misuli ikaachana. Sababu zangu nilikuwa nazo, na leo sizionei haya. Lakini nilizoea kuficha, hata pale nilipotakiwa kusema nikawa sisemi.

Ilianzia kwa daktari mwenyewe. Aliniuliza natumia dawa gani. Nikajibu hakuna. Kumbe kwa miaka minne nilikuwa nameza kidonge cha kupanga uzazi kila usiku, ila kwangu dawa ilikuwa kitu cha mgonjwa. Vidonge vyenye estrojeni, homoni ya kike, huifanya damu igande kwa urahisi zaidi. Angejua, angepanga mambo kwa namna nyingine. Kwa hiyo dada yangu, taja kila kitu unachomeza. Sema kama mama yako au ndugu yako aliwahi kupata donge la damu mguuni au kwenye pafu, kama una selimundu, kama unavuta sigara, kama umepita miaka 40, kama mimba zimekutoka mara nyingi. Hayo yote yana uzito kwa daktari hata yakionekana kwako ni mambo ya nyumbani.

Halafu safari. Pesa ilikuwa imeniishia, na siku ya nane nikapanda basi. Beitbridge, Chirundu, Lusaka, Kasumbalesa: siku mbili nimekunja magoti, sinywi maji kwa kuogopa choo, maana kuinuka kulinivuta kidonda. Ndani ya Zambia, usiku, shavu la mguu wa kushoto, nyuma chini ya goti, lilianza kuuma kama misuli iliyokakamaa na kukataa kulegea.

Baadaye ndipo nilipofafanuliwa. Daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, aliandika juu ya madonge ya damu mwaka 1856, na hadi leo madaktari hufundishwa mambo matatu kwa jina lake: damu kutembea polepole, mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Upasuaji peke yake unaleta yote matatu. Wa tumbo unazidisha, kwa sababu misuli inakazwa kwa uzi, mkandamizo ndani ya tumbo unapanda, na damu ya miguuni inapata taabu kurudi juu. Kinachoisukuma damu hiyo ni mashavu ya miguu unapotembea. Ukikaa, hakuna wa kuisukuma. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, gari au treni, huongeza hatari ya donge karibu mara mbili, hata kwa mtu ambaye hajapasuliwa. Mimi nilikaa siku mbili, na kidonda juu yake.

Nilipofika nyumbani niliendelea kuficha. Kwenye zahanati ya jirani nilisema nimeteguka nikishuka basi. Muuguzi akanichoma sindano ya maumivu. Simlaumu, alitibu alichoambiwa. Jirani mmoja akasema nimekanyaga dawa ya watu. Mama mkwe akaleta beseni la maji ya moto na mafuta anikande, kama alivyonikanda kila nilipozaa. Mikono yake ilikuwa imeshaugusa mguu nilipouvuta.

"Juu ya nini unaficha muguu?" akaniuliza.

Nikamwambia yote. Alinyamaza kidogo, akafunika beseni, akatoka kutafuta teksi.

Mguu wa namna hiyo usikandwe, tafadhali. Donge likikatika hupanda na damu hadi kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Upendo wa mama zetu uko mikononi, najua, lakini hapa mikono isubiri.

Hospitalini mama mkwe ndiye aliyemwambia daktari, kabla sijafungua mdomo: "Balimupasula tumbo, siku kumi na moja." Daktari aliacha kuuliza habari za kuteguka, akapima mashavu ya miguu yangu kama nilivyopima mimi. Akaniambia tofauti ya sentimita 3 au zaidi ni alama nzito. Kipimo cha damu kiitwacho D-dimer hakikumsaidia, kwa sababu baada ya upasuaji hupanda hata kwa mtu asiye na donge. Kilichohitajika ni ekografi ya Dopla, picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha damu ndani ya mshipa. Wanaubonyeza mshipa kwa kile kifaa: ulio mzima unalala bapa, wenye donge unagoma. Wangu uligoma, chini ya goti na nyuma yake. Nilichomwa enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, pajani kwa sababu tumboni palikuwa na mshono, kisha vidonge vya kazi hiyo hiyo kwa miezi mitatu. Kipindi hicho usijinunulie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini farmasi. Ukichanganya unaweza kutoka damu ndani.

Usihofu kila uvimbe. Baada ya operesheni miguu yote miwili inaweza kujaa maji, na mara nyingi hupungua. Mmoja peke yake ndio wa kuukimbilia hospitali. Vitabu huandika kwamba ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Weka mgongo wa mkono usikie kama una joto kuliko mwenzake. Angalia kama ngozi inang'aa na kukaza, kama shavu la mguu linauma ukisimama. Na pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu au ukazimia, hata kama mguu hauna kitu, usingoje kuche. Hatari hii inaweza kuendelea hadi miezi mitatu baada ya kupasuliwa.

Na wewe ambaye hujaenda bado: muulize daktari kama utachomwa sindano za kuzuia donge na kwa siku ngapi. Uliza ni lini anakuruhusu kusafiri safari ndefu, akuandikie. Soksi za kubana ziwe za kipimo chako, maana ikijikunja juu inakuwa kama kamba. Siku ile ile ya operesheni, wakikuruhusu, simama utembee hata ukiwa umeinama. Nilihesabu pesa ya operesheni na ya nauli, sikuhesabu pesa ya kulala huko mpaka mwili uruhusiwe kupanda gari. Ihesabu mapema. Kama haitoshi, ahirisha.

Mguu wangu wa kushoto bado unakuwa mzito jioni nikishinda kwenye cherehani. Kila saa nainuka, nafika mlangoni, narudi. Ikifika saa kumi na mbili mama mkwe ananisogezea kigoda niuinue, halafu anaondoka na metre kwenda kupima mwenyewe kitambaa cha mteja anayesubiri.