Jimbo na Kabila: Kodi Inagawanywaje Marekani?

Ni kweli kwamba wenyeji wa asili wa Marekani hawalipi kodi?

Si kweli. Kodi ya mapato ya serikali kuu wanalipa kama Wamarekani wengine. Msamaha wao unahusu zaidi kodi za jimbo, tena kwa masharti. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Arizona haiwezi kumkata kodi ya mapato mtu wa kabila la Navajo anayeishi na kupata riziki yake ndani ya ardhi ya kabila lake. Akihamia kikazi mji wa Phoenix, nje ya ardhi hiyo, analipa.

Kampuni ikichimba mafuta kwenye ardhi ya kabila, kodi ni ya nani?

Ugomvi wenyewe uko hapa. Mwaka 1982 mahakama hiyo ilikubali kuwa kabila la Jicarilla Apache la New Mexico lina mamlaka ya kuzitoza kodi kampuni zinazochimba kwao. Mwaka 1989 ikasema na jimbo linaweza kuzitoza kampuni hizohizo, kwa mafuta hayohayo. Sasa fikiria wewe ndiye mwekezaji: ndani ya mpaka wa kabila unakatwa mara mbili, nje ya mpaka mara moja. Utachimba wapi? Kabila likiogopa kumfukuza, linapunguza kodi yake au linaiacha kabisa, huku jimbo likiendelea kuvuna. Ndiyo maana mikataba ya kugawana kodi kati ya kabila na jimbo ikazaliwa.

Mfano mkubwa ni ardhi ya Fort Berthold, jimbo la North Dakota, kwao makabila ya Mandan, Hidatsa na Arikara. Mkataba wa kwanza wa kodi ya mafuta ulifungwa mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaweka mgawo mpya: kwenye ardhi ambayo serikali kuu inaishikilia kwa niaba ya kabila, kabila lipate asilimia 80 na jimbo 20, kwenye ardhi ya watu binafsi, kinyume chake. Wapo walioona jimbo limekuwa karimu mno. Mimi sioni ukarimu wowote. Watu hawa ndio ambao mabonde yao yenye rutuba yalizamishwa na bwawa la Garrison katika miaka ya 1950, na malori ya mafuta yanayochimbua barabara leo yanapita kwao.

Jimbo likikataa kugawana, kabila lifanyeje?

Liende mahakamani, na pengine lishindwe. Kabila la Tulalip, kaskazini ya Seattle, lilijenga mji wa biashara uitwao Quil Ceda Village: barabara, maji, majitaka, vyote. Lakini kodi ya mauzo ya wateja wasio wanakabila ilikuwa ikienda kwa jimbo na kaunti. Likashtaki mwaka 2015, likashindwa mwaka 2018. Kilicholiokoa ni mazungumzo: mwaka 2020 bunge la jimbo la Washington lilipitisha sheria inayoruhusu mgawo wa kodi hiyo. Nguvu ya kabila, basi, iko zaidi mezani kuliko kizimbani, na mezani hutegemea nani yuko madarakani mwaka huo.

Na fedha za kasino?

Hizo kisheria si kodi. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1988 kuhusu kamari za makabila hailiruhusu jimbo kutoza kodi kasino ya kabila. Jimbo la Connecticut hupokea asilimia 25 ya mapato ya mashine za kamari kutoka kwa makabila ya Mashantucket Pequot na Mohegan kwa sababu iliwaahidi kuwa hakuna mwingine atakayeruhusiwa kuziweka. Wananunua upekee.

Mimi ni dereva katika jimbo la Washington. Nikijaza mafuta kwenye kituo cha kabila, nakwepa kodi?

Hapana. Kwa makabila mengi yenye mkataba, mafuta hufika kituoni yakiwa na kodi ya jimbo ndani yake. Kisha jimbo hulirudishia kabila asilimia 75 ya kodi hiyo, nalo linabanwa kuitumia kwa mambo ya barabara na usafiri. Wewe utalipa kama kawaida. Kinachobadilika ni nani anayeziba mashimo.