Maswali ya Wasomaji: Je, Chama cha Hasira Kinaweza Kuendesha Serikali?

Barua zilizotufikia kuhusu mjadala unaoendelea Uingereza juu ya Reform UK, chama cha mrengo wa kulia kinachopinga uhamiaji, ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua nne, na kwa kuwa ya kwanza inagusa kiini cha jambo, jibu lake ndilo refu zaidi.

Mhariri, dada yangu mkubwa hutunza wazee katika kaunti ya Kent, Uingereza, nami ni mwalimu hapa Buruburu. Tangu Mei 2025 halmashauri ya huko iko mikononi mwa Reform UK, na kila tukizungumza kwa simu hunieleza kwamba watu wanabishana juu ya swali moja: je, hawa wanaweza kukabidhiwa nchi nzima? Wapinzani wao husema hawana uzoefu. Wao hujibu kwamba wenye uzoefu ndio walioiharibu nchi. Kipimo cha haki ni kipi? – Mwalimu, Buruburu

Mwalimu, swali la dada yako halihitaji ubashiri, kwa sababu lina mahali pa kuchunguzwa. Katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024 chama hicho kinachoongozwa na Nigel Farage kilipata asilimia 14 hivi ya kura lakini viti 5 tu bungeni, kwa kuwa kule, kama hapa kwetu katika maeneo bunge, anayeongoza hutwaa kiti na kura za wengine haziwapatii chochote. Tarehe 1 Mei 2025, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, kilinyakua viti 677 vya udiwani na kushika halmashauri 10, Kent ikiwemo, ambako kilipata madiwani 57 kati ya 81. Chama kilichokuwa kikilalamika nje ya mlango sasa kimeingia ndani na kupewa vitabu vya hesabu.

Vitabu hivyo vinasema nini? Halmashauri za England zinabanwa na sheria kusawazisha bajeti kila mwaka. Haziruhusiwi kukopa ili kulipia matumizi ya kawaida. Katika halmashauri za ngazi ya kaunti, zaidi ya nusu ya fedha huenda kwa matunzo ya wazee na watu wenye ulemavu na kwa ulinzi wa watoto, na huduma hizo si hisani ambayo diwani anaweza kuiahirisha hadi mwaka ujao, bali ni wajibu wa kisheria ambao ukikiukwa familia huenda mahakamani. Reform UK kilifanya kampeni kikisema kwamba kuna ubadhirifu mwingi wa kukatwa, na baada ya ushindi kikaunda kikosi cha wakaguzi kilichoiga jina na mtindo wa DOGE, kikosi cha kukata matumizi ya serikali alichokiongoza Elon Musk kule Washington. Ilipofika zamu ya kupanga bajeti, halmashauri kadhaa zinazoongozwa na chama hicho zilipandisha kodi ambayo halmashauri hutoza kila kaya, sawa na zilivyokuwa zikifanya halmashauri za vyama vingine.

Mimi siwalaumu kwa kupandisha kodi. Lawama yangu ni kwamba bajeti za halmashauri hizo ni nyaraka za wazi. Yeyote aliyetaka kujua ni kiasi gani kimefungwa na sheria na ni kiasi gani kinaweza kuguswa, angeweza kuzisoma kabla ya kupanda jukwaani. Hapo ndipo ninapoweka kipimo changu: ukitaka kujua kama chama kiko tayari kutawala, usihesabu ni wangapi kati ya viongozi wake waliowahi kuwa mawaziri, bali tazama kama kabla ya uchaguzi kilikuwa kimekwisha kujua ni fedha zipi ambazo hakitaweza kuzigusa.

Kwa upande wa taifa hadithi inafanana. Mwaka 2024 chama hicho kiliahidi kupunguza kodi kwa takribani pauni bilioni 90 kwa mwaka, na taasisi huru ya IFS inayochambua fedha za serikali, ambayo kila chama kule huogopa kalamu yake, ilisema wazi kwamba hesabu hazikutimia, kwa kuwa akiba iliyotarajiwa ilikuzwa na gharama ya kupunguza kodi ikapunguzwa. Novemba 2025 Farage mwenyewe alirudi nyuma, akieleza kuwa punguzo kubwa la kodi haliwezekani kwa hali ilivyo ya fedha za serikali. Wafuasi wake waliita kauli hiyo ukomavu, na wapinzani wakasema amekiri. Mimi ninaihesabu kama alama ndogo ya kumpendelea, kwa kuwa kukiri mapema ni nafuu kuliko kukiri ukiwa tayari na funguo za hazina. Bado nataka kujua ni nani aliyepiga zile hesabu za kwanza, na kama ndiye atakayepiga za pili.

Kuna upande mwingine ambao haupati nafasi ya kutosha katika mjadala huo, nao ni uwezo wa chama kuvumilia ubishi wa ndani. Chama cha malalamiko huungana kwa urahisi kwa sababu adui ni mmoja. Chama kinachotawala hugombana juu ya nani akatwe bajeti. Oktoba 2025 video ya mkutano wa ndani wa madiwani wa Reform UK wa Kent ilivuja ikionyesha majibizano makali, na baadaye baadhi yao wakasimamishwa. Uholanzi ilionja jambo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Chama cha PVV cha Geert Wilders kilishinda viti 37 kati ya 150 mwezi Novemba 2023, kikaongoza kwa wingi wa viti serikali ya muungano iliyoapishwa Julai 2024 chini ya waziri mkuu asiye na chama, na Wilders akaivunja Juni 2025 kwa kutoridhika na sera ya wakimbizi. Serikali iliishi miezi 11. Chama hicho hakina mwanachama rasmi mwingine ila Wilders peke yake: hakina matawi, hakina mkutano mkuu, hakina mahali ambapo mtu mwingine angeweza kusimama na kumwambia kiongozi kwamba anakosea. Oktoba 2025 wapiga kura walikishusha hadi viti 26.

Mhariri, mbona hili neno "uzoefu" hutolewa tu pale mtu asiye wa ukoo wa watawala anapotaka kuingia? Wazoefu wametuletea nini? – Karani wa sako ya matatu, Kariobangi

Ndugu, sehemu kubwa ya hoja yako naiunga mkono. Mfano wenye nguvu zaidi unatoka huko huko Uingereza, na si kwa chama kipya. Liz Truss alikuwa amekaa katika baraza la mawaziri tangu 2014 alipokuwa waziri mkuu Septemba 2022. Tarehe 23 ya mwezi huo serikali yake ilitangaza punguzo kubwa la kodi bila kuonyesha litalipiwaje. Pauni ikaporomoka, Benki Kuu ya England ikalazimika kuingia sokoni kununua hati za deni la serikali ili mifuko ya pensheni isianguke, naye akaondoka madarakani baada ya siku 49. Huyo alikuwa na uzoefu wa miaka minane wa uwaziri. Kwa hiyo anayesema "hawajawahi kutawala" na kukomea hapo hajasema kitu, hasa ikiwa yeye mwenyewe ametawala na matokeo yanaonekana.

Hata hivyo, kutokuwa wa ukoo wa watawala si sifa inayotosha. Mwaka 2016 jiji la Roma lilimchagua kuwa meya Virginia Raggi wa chama cha Vuguvugu la Nyota Tano, wakili kijana aliyeingia kwa hasira halali za wakazi dhidi ya ufisadi, mabasi mabovu na taka zisizozolewa. Miezi miwili na kidogo baada ya ushindi, mkuu wa ofisi yake, mjumbe wake wa bajeti na wakuu wa mashirika ya mabasi na ya taka walikuwa wameondoka karibu kwa wakati mmoja. Mgogoro wa taka haukwisha katika kipindi chake, na mwaka 2021 alipoomba muhula wa pili alimaliza wa nne. Mtu mwadilifu asiye na wasimamizi wa kutekeleza kazi hukabidhiwa lawama za waliomtangulia pamoja na zake.

Jambo moja la kuchekesha, karani wangu, ni kwamba wapya wenyewe wanaujua upungufu huu. Septemba 2025 Danny Kruger, mbunge wa Conservative, chama kilichotawala hadi 2024, alihamia Reform UK na mara moja akapewa kazi ya kukiandaa chama kwa ajili ya kutawala. Chama kinachosema wale waliotangulia waliiharibu nchi kimemwendea mmoja wao kiulize njia ya ofisini. Si kosa kufanya hivyo. Lakini mtu hawezi kuchukua ujuzi wa nyumba ya jirani na wakati huo huo kuapa kwamba nyumba hiyo haikuwa na ujuzi wowote.

Mhariri, sisi tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027. Nani hapa kwetu aulizwe maswali haya, na aulizwe nini hasa? – Mwanafunzi, South B

Mwanangu, waulizwe wote, walio madarakani na wanaoyataka. Kabla ya maswali, zingatia kalenda, kwa kuwa ndani yake kuna mtego ambao wanasiasa hawautaji. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Uchaguzi hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti. Serikali mpya, hata ikiapishwa bila kesi yoyote katika Mahakama ya Juu, hurithi bajeti iliyokwisha kupitishwa na wengine, na taarifa ya sera ya bajeti inayofuata haiendi bungeni hadi Februari. Anayeahidi makubwa ya "siku mia moja za kwanza" anaahidi kutumia fedha zilizogawanywa na mtangulizi wake, isipokuwa awe na bajeti ya nyongeza mkononi. Muulize kama anayo, na itakata wapi.

Mwaka 2022 tuliona jinsi kalenda hiyo inavyouma. Rais William Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba baada ya kampeni iliyojengwa juu ya mahasla, yaani watu wa kipato cha chini, na gharama ya maisha. Katika hotuba ya siku hiyo alizikosoa ruzuku za unga na mafuta kuwa ghali na zisizo na tija, na kesho yake ikatangazwa bei mpya ya petroli Nairobi, shilingi 179.30. Wachumi wengi waliona sababu yake. Wananchi wengi hawakuwa wameandaliwa kwa sababu hiyo, na pengo hilo kati ya lugha ya jukwaani na lugha ya hazina liliendelea kupanuka hadi Juni 2024, vijana wa rika lako walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na rais akakataa kuutia saini.

Usidhani ahadi kubwa haiwezi kutimia. Muungano wa NARC, ulioshinda uchaguzi wa 2002, uliahidi elimu ya msingi bila malipo, na Januari 2003 milango ikafunguliwa. Wanafunzi waliongezeka kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Ahadi ilitimizwa, ila walimu na madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na waliosoma wakati ule wanakumbuka dawati moja lilibeba wangapi. Swali la pili basi ni hili: ahadi yako ikifaulu siku ya kwanza, nani atakuwa amesimama mbele ya umati utakaojitokeza?

La tatu linahusu fedha zilizofungwa. Katiba inataka kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na ulipaji wa deni na pensheni hutangulia kabla wizara yoyote haijapata senti. Mgombea akuonyeshe kinachobaki kabla ya kukuonyesha atakachojenga.

Mhariri, kule chama chenye wabunge wachache kitapata wapi mawaziri? Na Farage anaweza kuingia lini? – Msomaji, Eastleigh

Kwa desturi ya Uingereza waziri hutoka bungeni, lakini waziri mkuu anaweza kumfanya mtu asiyechaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Malodi, yaani bunge la juu lisilochaguliwa, na kumpa wizara, na Farage amesema yuko tayari kuchukua watu wa nje. Kwetu ni kinyume: Kifungu cha 152 cha Katiba kinamkataza mbunge kuwa waziri, hivyo chama kichanga hakizuiwi na uchache wa wabunge bali na uwezo wa kupata watu watakaopita mbele ya kamati ya uteuzi. Kuhusu tarehe, uchaguzi mkuu wa Uingereza lazima ufanyike kabla ya mwisho wa Agosti 2029, na waziri mkuu aliyeko anaweza kuuitisha mapema akitaka.