Muulize Fundi: Hii seva ya kufikiri hatua kwa hatua, inafikiri nini hasa?

Mwezi huu watu wa Kigoma na Tabora mmenijazia meseji za AI mpaka zile za simu zinazokataa chaji nimezisogeza toleo lijalo, wenye simu zenu mnivumilie. Naanza na huyu wa Kibirizi kwa sababu swali lake lina hesabu ndani, na hesabu haina siasa.

SWALI: Fundi shikamoo. Mi nanunua dagaa hapa Kibirizi napeleka Tabora kwa treni. Juzi nikaiuliza AI moja kwenye simu, nina gunia 10 za kilo 30 kila moja, kilo nimenunua 18,000, usafiri 8,000 kwa gunia, njiani asilimia 5 inaishia kwenye kusagika na vumbi, nataka faida milioni moja kamili, niuze kilo bei gani? Ikajibu chap chap 21,600. Mdogo wangu yuko chuo, akacheka, akasema hilo jibu litanilia hela na kwamba AI ukiiwekea kitu kinaitwa Sequential Thinking inaacha kukurupuka. Ni kitu gani hicho, na ni kweli?
*Mama wa dagaa, Kibirizi*

JIBU: Marahaba mama. Mdogo wako kwenye jibu yuko sahihi kabisa, kwenye dawa yuko sahihi nusu.

Tuanze na hela. Kilo 300 mara 18,000 ni 5,400,000, weka usafiri 80,000 inakuwa 5,480,000, weka na milioni yako ya faida unapata 6,480,000. Hapo AI ikachukua hiyo 6,480,000 ikagawa kwa 300, ndo ikapata 21,600, safi kama maji ya ziwa, ila dagaa zinazofika sokoni sio kilo 300! Asilimia 5 imeshaondoka, zimebaki 285. Gawa kwa 285 unapata kama 22,737. Ungeuza kwa ile bei ya kwanza ungeondoka Tabora na faida ya 676,000, yaani laki tatu na elfu ishirini na nne zimeyeyuka na usingejua zimeyeyukia wapi, ungeanza kumshuku kijana wa kupima.

Sasa hicho kitu chenyewe. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani, hawa wanaotengeneza Claude, walitoa utaratibu unaoitwa Model Context Protocol, watu wanafupisha MCP. Kazi yake ni kuifanya programu ya AI iweze kuongea na programu zingine za pembeni kwa lugha moja, badala ya kila mtu kuunganisha kwa waya zake. Iko ya kusoma mafaili, iko ya kuchungulia database, na kadhalika. Hizo za pembeni ndo zinaitwa seva, na usiwaze limashine kubwa linalounguruma kwenye chumba cha AC, ni kaprogramu kadogo tu kanaweza kukaa kwenye laptopu hiyo hiyo. Sequential Thinking ni moja ya seva za mfano ambazo mradi wa MCP wenyewe umezitoa.

Na hapa ndo wengi wanapopigwa chenga: seva yenyewe haifikiri. Hata kidogo. Ni daftari. AI ndo inafikiri, kila ikipiga hatua inalipelekea daftari vitu vinne, wazo lenyewe kwa maneno, hii ni hatua ya ngapi, nakadiria hatua zote zitakuwa ngapi, na je bado kuna nyingine inakuja au nimemaliza. Seva inaandika, inajibu kwa namba tu, uko hatua ya 3, jumla 4, umeshaandika 3, endelea. Basi. Haijui kugawanya, haijui dagaa, ukiipelekea 2 jumlisha 2 ni 9 inapokea na kukupa risiti.

Sasa utasema fundi, kama haijui kitu inasaidia nini? Inasaidia hivi, AI inatoa maneno moja baada ya jingine na kila neno linategemea yale yaliyokwisha kuandikwa kabla yake. Ikikurupukia jibu haina pa kushika. Ikiandika kwanza "kilo zinazouzika ni 285", basi hiyo 285 iko pale mbele yake wakati inagawanya. Halafu daftari hili lina nafasi mbili ambazo mi ndo nazipenda. Ya kwanza ni kurekebisha, AI inaweza kusema wazo hili linafuta lile la hatua ya 3. Ya pili ni tawi, inaweza kurudi hatua ya 2 ikachepuka, njia moja ihesabu usafiri wa treni, njia nyingine ihesabu basi, na kila tawi lina jina lake hayachanganyikani.

Kwa mzigo wako mwenendo mzuri ungekuwa hivi:

Hatua 1 kati ya 4: nimenunua kilo 300.
Hatua 2 kati ya 4: gharama zote 5,480,000.
Hatua 3 kati ya 4: ongeza milioni, gawa kwa 300, ni 21,600.
Hatua 4 kati ya 4: narekebisha hatua ya 3, kilo 15 zinapotea, zinazouzika 285.
Hatua 5 kati ya 5: 6,480,000 gawa kwa 285, kama 22,737.

Umeona ile 4 imegeuka 5? Makadirio yanabadilika njiani. AI ikipeleka namba ya hatua iliyozidi jumla iliyotaja, seva inapandisha jumla yenyewe, hailalamiki. Sio mtihani wa taifa kwamba kengele ikilia unaweka kalamu chini.

Ila nilisema nusu, na nusu ya pili ni hii. Haya mambo ya hatua kwa hatua hayakuanza na seva. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wa Google walichukua modeli, yaani ubongo wa AI, ya wakati huo ya OpenAI, hawa wa ChatGPT, kabla ya jibu wakaongeza kasentensi kamoja tu ka kuiambia tufikiri hatua kwa hatua, na kwenye seti moja ya maswali ya hesabu ikatoka asilimia 17.7 ya majibu sahihi ikafika 78.7. Kasentensi! Bila kuweka chochote. Na kuanzia Septemba 2024, OpenAI walipotoa o1, zimekuja modeli zinazofikiri zenyewe kwanza kabla hazijakujibu, kwa hiyo nyingi za sahivi hilo daftari wanazaliwa nalo kichwani.

Kwa hiyo mama, wewe wa simu usihangaike na seva. Andika swali lako, mwishoni weka "kabla ya bei niambie kwanza kilo ngapi zitauzika, halafu andika kila hatua na namba zake". Kisha chukua kalkuleta upige ile hatua ya mwisho mwenyewe. Kwa mzigo wa milioni tano na nusu kalkuleta sio ushamba.

SWALI: Mkuu mambo. Nipo Isevya, Tabora, nasoma ICT. Nataka kuiweka hiyo Sequential Thinking, nilijaribu kwenye simu ikagoma, halafu kwenye laptopu ya mshkaji ikaleta error mwanzo mwisho. Inahitaji nini na inakula bando kiasi gani?
*Kijana wa Isevya*

JIBU: Poa mdogo wangu. Kwa hii njia simu sahau. Unahitaji laptopu, unahitaji Node.js, programu ambayo ndo inaiendesha seva hii, iwe imeshawekwa humo, na unahitaji programu ya AI inayokubali MCP, mfano Claude Desktop, VS Code au Cursor. Kwenye faili la mipangilio la hiyo programu unaitaja seva, unaandika amri ya kuiendesha ambayo ni npx, na jina la kifurushi, @modelcontextprotocol/server-sequential-thinking. Unafunga programu kabisa, sio kuiminimaizi, unafungua upya.

Error mwanzo mwisho, mara nyingi ni moja kati ya mbili, Node.js haipo, au umeacha koma moja kwenye lile faili, manake limeandikwa kwa JSON, mtindo wa kupanga mipangilio kwa mabano na koma, na JSON ikikosa koma au mabano inasusa faili zima. Angalia mabano kabla hujamlaumu mshkaji na laptopu yake.

Jina la kifurushi likopi kama lilivyo, herufi kwa herufi. Nasema hivi kwa sababu npx ikiona hicho kitu hakipo inakidanlodi na kukiendesha pale pale kwenye mashine yako, sasa ukikosea herufi ukaangukia kwenye kifurushi cha mtu mwingine, umemfungulia mlango na kumkaribisha kiti. Kijana wa ICT hilo ulijue leo.

Bando la intaneti halitishi, ni maandishi tu yanapita. Kinacholiwa ni tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo AI inasoma na kuandika, na matumizi yako yanapimwa kwa hivyo. Kila hatua ni maandishi AI inatoa, na kila seva ikijibu, mazungumzo yote yanasomwa upya kabla ya hatua inayofuata, kwa hiyo hatua 15 sio hatua 1 mara 15, inapanda zaidi. Ukiwa kwenye akaunti ya bure utapigwa "subiri baadaye" mapema sana. Itumie kwa kazi yenye njia panda, kupanga mradi wako wa mwisho, kutafuta kosa kwenye programu ndefu. Kuuliza treni ya Mpanda inachepukia wapi usiiwashe, jibu ni Kaliua.

SWALI: Ni ya kulipia?
*Kasulu*

JIBU: Hapana. Bure, na msimbo wake uko wazi usome. AI unayoiunganisha ndo inaweza kukudai.

SWALI: Ndugu fundi, mimi ni mwalimu hapa Ujiji. Nikiona hizo hatua zote zimeandikwa, je niziamini kwamba ndivyo AI ilivyofikia jibu?
*Mwalimu, Ujiji*

JIBU: Mwalimu, salamu zako nimezipata. Hapana, usiziamini hivyo. Mwaka 2023 kuna watafiti walifanya ujanja, kwenye mifano waliyoipa AI wakapanga majibu sahihi yote yakae herufi A. Kilichofuata AI ikaanza kuegemea A hata pasipostahili, na kwenye maelezo yake ya hatua kwa hatua ikatoa sababu nzuri tu, zimenyooka, karibu kila mara bila kutaja kwamba imefuata mpangilio wa herufi. Yaani alama za mwanafunzi aliyeibia unazijua, kazi safi kuliko ya kiranja.

Kwa hiyo hatua zinakupa mahali pa kukagua, hazikupi ushahidi wa kilichotokea ndani. Mimi nazisoma kwa kutafuta namba iliyobadilika ghafla kati ya mstari mmoja na mwingine, 300 ikageuka 285 bila maelezo, au 285 ikarudi kuwa 300 kimya kimya. Na darasani usikubali jibu la AI kwa sababu tu lina mistari mingi, wanafunzi wameshagundua kwamba mistari mingi inatisha walimu.

SWALI: Umeme ukikatika katikati, yale mawazo inayakumbuka?
*Mdau, Ng'ambo, Tabora*

JIBU: Seva inayaweka kwenye memori tu, haiandiki kwenye diski. Laptopu ikizima na betri yako ndo zile za "chomoa ufe", daftari linaanza ukurasa mtupu. Yatakayobaki ni yale ambayo programu ya AI imehifadhi kwenye historia ya mazungumzo, kama inahifadhi. Kazi ikiwa ndefu kopi hatua uzibandike kwenye faili la maandishi kila baada ya muda, na faili uliseivu.