Barua kwa mwanangu: mumeo na kikundi cha askari wenzake

Moshi

Mwanangu,

Umeniuliza kama mumeo akikaa na askari wenzake hapo Arusha kila wiki, wakipiga stori, hasira alizorudi nazo kutoka Kongo zitapungua au ataongeza za wenzake. Nimeuguza wagonjwa wa akili mpaka nikastaafu, na naamini zitapungua. Ila akikunyanyulia mkono usingoje kikundi kimponye. Pitia Dawati la Jinsia kituo cha polisi, kisha beba watoto uje nyumbani. Kuumwa hakumpi mtu ruhusa ya kupiga.

Peke yake mbele ya daktari atajibu "niko sawa, dokta" huku anaangalia saa. Mbele ya wanaume waliolala porini kama yeye, atamdanganya nani? Mmoja akisema, "Mlango ulijibamiza, nikajikuta nimemkaba mtoto," hakuna anayeshtuka, na mwingine naye anatoa lake. Askari wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam walianza hivyo mwaka 1970 kule New York, wakawaalika madaktari wa akili wakae nao. Maradhi yenyewe, msongo unaobaki baada ya kiwewe (PTSD), yaliingizwa rasmi kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa huko mwaka 1980.

Vitani, anayechelewa kuchukua hatua anakufa. Mwili umeshajifunza hivyo na haujui kwamba amerudi. Kikundini wanaipima hasira toka 1 hadi 10, wanafundishwa kuidaka ikiwa bado 4: taya zimebana, masikio yamepata moto. Hapo mtu anasema "natoka kidogo", anatembea, anarudi. Kurudi ni lazima, la sivyo amekimbia tu. Basi siku akiinuka mezani katikati ya maneno, mwache apite, usimzibie mlango. Mkubaliane mapema atarudi baada ya muda gani.

Wiki za mwanzo anaweza kurudi mzito kuliko alivyokwenda, maana wamefukua mambo.

Lakini si kila duara ni tiba. Lazima awepo mshauri aliyesomea kazi hiyo, ya ndani yabaki ndani, na asiingie mtu amelewa. Wakimaliza wakahamia kwenye mbege, hicho ni kijiwe, mwanangu, na pombe ndiyo inayoifungulia hasira geti.

Muulize nani anawaongoza, kisha unipigie. Kama hakuna wa maana, mje tuulizie kitengo cha afya ya akili hospitali ya KCMC hapa Moshi.

Mama yako