Wakikuomba uingie kwenye utafiti na una mimba

Juzi jioni binti wa jirani alipiga hodi. Ana mimba ya miezi mitano, na mkononi alishika karatasi sita zilizobanwa pamoja. Alipewa siku ya CPN, kliniki ya wajawazito. "Mama Neema, wamesema nisome, nikikubali nitie sahihi. Lakini yote ni Kifaransa. Na mama anasema nikitia sahihi nimeuza mtoto."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayo ya mama yake niliambiwa mimi pia, hapa hapa Majengo, mtaa wa Goma, Desemba 2019, nikiwa na mimba ya Neema.

Kabla sijafika huko, nianze na mdogo wangu aliyekuwa Butembo. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mwishoni mwa mwaka huo mwanamke aliyekuwa akichota naye maji akaugua. Timu ya chanjo ilikuja kuwachanja wote waliomkaribia. Shemeji yangu alichanjwa. Mpangaji wa uani, ambaye hata salamu hakuwa akimpa yule mgonjwa, alichanjwa. Mdogo wangu, miezi sita tumboni, aliambiwa chanjo ile si ya wenye mimba, akaachiwa kazi ya kupimwa joto kila siku kwa siku 21. Alinipigia simu usiku akanong'ona ili mumewe asisikie: "Yaani mimi ndiye wa kusubiri nione kama nitakufa?" Hakuugua, Mungu ni mwema. Lakini swali lake halijanitoka.

Waliomkatalia hawakuwa watu wabaya. Chanjo ile ilitengenezwa na kirusi hai kinachozaana mwilini, na hakuna aliyekuwa na hakika kingemfanya nini mtoto tumboni. Hofu ya namna hiyo ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wajawazito wa Ulaya na kwingineko walipewa thalidomidi ili walale na wasitapike. Kufikia 1961, ilipoanza kuondolewa madukani, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono na miguu mifupi au hawana kabisa. Tangu hapo mjamzito amekuwa wa kwanza kutolewa kwenye orodha ya kila utafiti. Wengi husahau kwamba dawa ile haikuwa imepimwa vizuri kuhusu mimba kabla ya kuuzwa. Kilichowaumiza wale akina mama ni kupewa dawa ambayo hakuna aliyeichunguza kwa mwili kama wao.

Na ugonjwa haumsamehi mjamzito. Kikwit, mji mwingine wa Kongo, mwaka 1995, kati ya wajawazito 15 walioandikwa kuwa na Ebola, walikufa 14. Ukiweka hesabu hiyo upande mmoja na wasiwasi wa chanjo upande wa pili, kusema "tusubiri kwanza" nako ni kuchagua, isipokuwa anayechagua si yule mwenye tumbo. Februari 2019 uamuzi ulibadilishwa, na katikati ya mwaka huo wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza wakaanza kukubaliwa. Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita.

Tarehe 14 Novemba 2019 ikaanza aina ya pili ya chanjo ya Ebola hapa Goma, kwa Majengo na Kahembe, nayo ilikuwa utafiti. Wajawazito walikubaliwa toka mwanzo. Mji ulikuwa umejaa maneno. Waziri wa afya alikuwa amejiuzulu mwezi wa saba, na moja ya mambo aliyoyapinga ni chanjo hiyo hiyo. Kila motari, mwenye pikipiki ya abiria, alikuwa na habari yake. "Wanatufanya kobayi," yaani wanyama wa majaribio, ndiyo ilikuwa salamu ya soko la Virunga. Mama mkwe wangu alikuja na rozari, akakaa siku mbili.

Siku ya kwanza nilirudi nyumbani bila kuchanjwa. Nilimwambia muuguzi nipe siku nne. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Anayekuharakisha utie sahihi leo leo, mwogope. Nilirudi na daftari la shule (ninafundisha darasa la tano, madaftari hayakosekani) nikamwuliza kilichonisumbua zaidi: hii nayo ina kirusi hai kama ile ya kwanza? Akanieleza kwamba kirusi kilichobeba chanjo kimekatwa uwezo wa kuzaana, na kwamba kuna sindano ya pili baada ya siku 56. Akasema pia wazi: kwa wajawazito bado tunajua kidogo, ndiyo maana tunawaandika na kuwafuatilia. Jibu hilo la "kidogo" lilinituliza kuliko kama angeniambia hakuna shida yoyote.

Jambo moja liliniudhi. Kila aliponiuliza kama nimekubali, alimwangalia mume wangu. Mume wangu, nimpe haki yake, akasema: "Mwulize yeye, sindano haitaingia kwangu." Sikilizeni wazee, sikilizeni waume, lakini sahihi ni yako.

Neema ana afya, anapenda sambaza, wale samaki wadogo, kuliko bugali. Usichukue hilo kuwa ushahidi. Mtoto mmoja si utafiti. Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi ya Rwanda, chanjo hiyo hiyo haikutolewa kwa wajawazito mwanzoni. Baadaye wakafanyiwa utafiti wao, kama wanawake 2,000, wengine wakichanjwa wakiwa na mimba na wengine baada ya kujifungua, na haikuonekana hatari ya kutisha. Huo ndio ushahidi, na umepatikana kwa sababu kuna waliokubali.

Angalieni na malaria. Dawa za mseto zimependekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini mwenye mimba changa alibaki na kwinini, masikio yakimlia kama kengele za kanisa, hadi Novemba 2022.

Basi nilimwambia nini yule binti? Kwanza, arudi aombe asomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na abaki na nakala yenye namba ya simu. Aulize dawa hiyo imeshapimwa kwa nani, wangapi wenye mimba, miezi mingapi. Aulize mtoto atafuatiliwa mpaka umri gani, na akipata shida nani atalipa hospitali. Hilo mimi nilisahau kuuliza, na miezi ile iliyobaki nililala nikiliwaza. Aulize kamati gani ya maadili imeruhusu utafiti huo. Na kama wanampa pesa nyingi kupita nauli na chakula cha siku, ajiulize mwenyewe kwa nini.

Sikumwambia akubali wala akatae. Alhamisi nitamsindikiza. Nilimpa daftari aandike maswali, nikaenda kupunguza moto wa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Niliporudi alikuwa ameongeza moja ambalo sikumpa: "Nikisema hapana, mtaendelea kunipima CPN kama wengine?" Alikuwa amelipigia mstari mara mbili.